Tangi Lililomkaribisha Chiriku

Hii si hadithi ya kusikiliza huku unamenya vitunguu, maana mkono utateleza. Weka kisu pembeni, ukae vizuri, upate habari za nyumba ya mshonaji na mumewe fundi sauti. Kelele za nyumba hiyo zilijulikana mtaa mzima, na watu walizilalamikia sana mpaka siku zilipokosekana.

Barazani palikuwa na cherehani ya mama mwenye nyumba, ikinguruma tangu asubuhi. Ndani, chumba ambacho watu wenye akili zao wangekifanya cha wageni, mume alikigeuza studio. Kuta alizibandika trei za mayai na magodoro yaliyochoka ili sauti isirukeruke, na mgeni akiingia mara ya kwanza alidhani kafungiwa kwenye banda la kuku. Katikati ya cherehani na studio alikuwepo binti yao wa pekee, wakamwita Chiriku. Jina la kwenye vyeti lilikuwepo, lakini hata mama yake alilikumbuka akiulizwa ofisini tu. Mtoto alikuwa anaongea! Aliongea akifua, aliongea akipiga mswaki, aliongea na paka, na paka akichoka akaenda zake, aliongea na sufuria.

"Huyu alimeza redio," mshonaji aliwaambia wateja. "Na betri zake haziishi."

Lakini Chiriku akitoka kwenda sokoni, mama huyohuyo alishindwa kushona mstari ukanyooka. Alikuwa anauinua mguu kwenye cherehani kila mara, asikilize kama sauti inakuja. Alipoisikia inakata kona, ikibishana na mtu juu ya bei ya nyanya, ndipo kitambaa kiliposogea tena.

Basi siku moja mchana, mshonaji alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anampima mteja mmoja aliyeitwa Gazeti. Usiulize kwa nini aliitwa hivyo. Akasikia sauti ya bintiye kutoka jikoni, kule nyuma kabisa: "Mama, uzi mweusi umekwisha."

Akatema pini. Akageuza shingo kuelekea jikoni, akapaza sauti: "Tazama kwenye kopo la biskuti!"

Gazeti akacheka hadi kipimo kikavurugika. "Shoga, unamjibu nani huko? Mwanao si huyu hapa? Amekaribia kukukanyaga."

Mshonaji akageuka. Chiriku alikuwa amesimama begani pake, kibiringo cha uzi kitupu mkononi, anamshangaa.

"Umetoka jikoni saa ngapi wewe?"

"Sijaenda jikoni mimi," Chiriku akasema. Midomo ilicheza pale pale mbele ya uso wa mama yake, pumzi yake yenye harufu ya chai ikamgusa shavuni, lakini maneno yalitokea jikoni.

Mshonaji alijicheka kidogo, akasema uzee umeanza kubisha hodi, akaokota pini zake. Ila pini iliyofuata ilimchoma Gazeti kiunoni.

*

Sasa turudi nyuma kidogo, maana jambo halikuanguka kutoka mawinguni. Lilianza na tangazo la sabuni ya kufulia.

Mume wa mshonaji alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walisema mkewe na bintiye walimmalizia yote. Lakini ukimgusa kwenye habari za sauti, hapo alifunguka kama bomba. Chiriku alipokuwa mdogo alimkalisha kwenye kigoda katikati ya spika mbili, akamwambia afumbe macho.

"Mwimbaji yuko wapi?"

"Yuko hapa mbele yangu, baba."

"Fumbua. Mbele yako kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi hapo ndipo ninapofanyia kazi," baba mtu alisema, akacheka peke yake. "Spika hii na ile zikisema jambo moja kwa pamoja, sikio linamweka mtu katikati, mahali patupu. Nikimpunguza huku, anasogea kule. Hiyo ni rahisi. Ugumu ni kumpeleka nyuma. Sauti kavu iko karibu. Sauti iliyolowa mwangwi, makali yake yameliwa njiani, hiyo iko mbali, na wewe msikilizaji unajengewa ukumbi mkubwa ndani ya chumba hiki cha mayai."

"Na juu, baba? Unaweza kumpandisha juu?"

"Juu hatuna spika, mwanangu. Juu ni kudanganyana. Sauti nyembamba hupanda kidogo, nzito hushuka, kwa vile mikunjo ya sikio ndivyo ilivyozoea. Lakini mtu wa kukaa darini kabisa, spika mbili za mezani haziwezi kumweka."

Yakumbuke hayo, hasa hilo la darini.

Wenye sabuni walitaka wimbo wa tangazo uimbwe na sauti ya msichana, na walitaka uwe na kina. "Tunataka msikilizaji ahisi amezama kwenye povu," walisema, watu wazima na suruali zao. Chiriku akaimba vizuri. Lakini mashine ya baba yake ya kutengeneza mwangwi ilikuwa ya bei ya chini, ikatoa mwangwi wenye ladha ya bati, na fundi akawa halali, hali, anazunguka nyumba akipiga makofi huku na kule, akisikiliza yanavyojibu.

Ndipo alipopiga makofi juu ya mfuniko wa tangi.

Lilikuwa tangi la maji la chini ya ardhi, uani, la mwenye nyumba wa zamani. Halikuwa na maji tangu wao wahamie. Mfuniko wake wa zege ulikuwa na pete ya chuma, na hakuna aliyewahi kuuinua kwa sababu hakukuwa na sababu. Fundi akauinua. Ilipanda harufu ya chokaa mbichi na saruji iliyolowa, ingawa chini palikuwa pakavu kama unga. Akapiga kofi moja. Kofi likashuka, likazunguka, likakaa huko muda mrefu, kisha likarudi limenona.

"Mama Chiriku! Njoo usikie!" Alikuwa na furaha ya mtoto. "Kina cha bure hiki!"

Akateremsha spika moja kwa kamba, na maiki mbili pembeni yake, waya zikapita dirisha la jikoni hadi studio. Akaupeleka wimbo wa bintiye chini kwa spika, maiki zikaurudisha na mwangwi wa tangi. Mafundi wengine nao hufanya hivyo, ngazini au bafuni, wapatapo. Aliurudia wimbo siku nzima, sauti ya mtoto ikishuka na kupanda, ikishuka na kupanda, mpaka akaridhika.

Jambo moja tu lilimsumbua, akamwambia mkewe wakati wa kula, kwa mzaha. Mwangwi wa neno la mwisho ulikuwa unakuja kabla ya neno. Chiriku hajasema "safi", chini kule tayari pameshasema "safi".

"Mitambo imechakaa," mkewe akamjibu. "Kama sisi."

*

Baada ya siku ile ya pini, mshonaji alianza kumtega bintiye. Alimwita, akafumba macho, akamwacha ajibu. Kila siku sauti ilikuwa imesogea nyuma kidogo. Ilikuwa jikoni. Ikawa nyuma ya mlango wa jikoni. Ikawa uani, kama mtu anayeanika nguo akiongea kwa mgongo. Haikupungua ukubwa, wala mtoto hakunong'ona. Ilikuwa mbali tu, na makali yameondoka, yamebaki maneno ya duara.

Mwishowe akamweleza mumewe. Fundi akacheka puani. "Cherehani imekuharibu masikio."

"Haya. Wewe mwenye masikio mazima, kaa umsikilize."

Wakakaa mezani wote. Chiriku alikuwa anasimulia ugomvi wa majirani, mikono inaruka, macho yanazunguka, vilevile kama siku zote. Fundi akafumba macho. Mshonaji akamwona mumewe anaacha kutafuna.

"Rudia hapo," akasema.

"Wapi, baba? Pale alipomrushia ndoo?"

Fundi akanyoosha mkono, macho bado yamefumbwa, akakiweka kiganja mbele ya kinywa cha bintiye. "Sema tena."

"Baba, mbona unanitisha? Mkono wako unanuka vitunguu!"

Pumzi ilipiga kiganja. Sauti haikupita hapo. Ilitokea upande wa pili wa ukuta, chini, usawa wa sakafu, nayo ilikuwa na ukumbi ndani yake. Fundi aliufahamu ukumbi ule. Alikuwa ameusikiliza mwenyewe siku nzima, siku ile ya tangi. Akafumbua macho, na mshonaji hakupenda alichokiona humo.

Chiriku aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, taratibu, kwa mara ya kwanza maishani mwake taratibu:

"Mama, nilikuwa nataka kuuliza. Nyie mbona siku hizi mnaongea kutokea juu?"

*

Walikwenda studio wawili tu, mume na mke, mchana kweupe, Gazeti akiwa barazani anasubiri blauzi yake. Fundi akauweka wimbo wa sabuni. Mshonaji akakaa kwenye kigoda katikati ya spika.

Chiriku akaimba. Mara ya kwanza ilikuwa kama tangazo lolote, sauti nzuri ya mtoto wake ikiwa katikati, mahali patupu, ikisifu povu. Kisha mshonaji akaona kwamba mahali pale patupu palikuwa na nyuma, na ile nyuma ilikuwa na nyuma nyingine, na kwamba ukuta wa trei za mayai, uliokuwa hatua chache tu mbele ya pua yake, masikio yake hayakuukubali tena, yalikuwa yanaona kwa namna yao shimo linalokwenda na kwenda, lenye unyevu, lenye kuta za duara, na huko mwisho kabisa mwanawe amesimama akiimba habari za mashuka meupe huku uso ameuinua juu, kama mtu anayeangalia tundu la mwanga linalozidi kuwa dogo, na kabla ya kila neno lake kulikuwa na mwingine anayelitaja kwanza, polepole, kwa subira, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Zima," mshonaji akasema.

Fundi akazima. Wimbo ukakatika. Ila kitu kingine hakikukatika.

"Baba Chiriku, zima."

"Nimezima."

"Juu je?"

Wote wakainua macho. Darini, pembeni kidogo ya taa, mtu alikuwa anapumua. Haikuwa pumzi ya mtu anayejificha, bali ya mtu aliyekaa kwake akisikiliza muziki, akasikitika kwamba umezimwa. Fundi alizing'oa waya za spika kutoka ukutani, moja baada ya nyingine, na pumzi ikaendelea, ikazunguka taa, ikashuka kando ya ukuta wa magodoro bila kuacha alama yoyote isipokuwa harufu ile ya chokaa mbichi na saruji iliyolowa, ikapita kati yao wawili kwa adabu, kama mgeni anayewapisha wenyeji kwenye ujia mwembamba, ikaenda zake uani.

Barazani Gazeti akapaza sauti: "Shoga! Nani huyo kapita hapa hata salamu hana?"

Chiriku hawakumwambia neno, lakini mtoto hakuwa mjinga. Alianza kuongea kidogo. Unajua inavyokuwa nyumba ikinyamaza? Cherehani ilisikika kama treni. Kila Chiriku akinywa maji alikohoa vumbi jeupe. Nywele zake, mama yake alipomsuka, zilikuwa na ubaridi ndani, ubaridi wa mahali ambapo jua halifiki, na alipouliza "Nimekuumiza?" mtoto akajibu kutoka chini ya sakafu, mbali, mbali mno, "Sikusikii vizuri, mama. Inama kidogo."

Na mshonaji, ambaye paja la mwanawe lilikuwa limegusana na la kwake, akainama.

*

Mganga aliyeletwa aliitwa Mama Kizingiti. Aliitwa hivyo kwa sababu haingii ndani ya nyumba ya mtu. Ukimwita anakuja, anaweka mkeka wake mlangoni, nusu ndani nusu nje, na kazi yote anaifanyia hapo. Alikuwa mnene, goti linamuuma, na alikuja akilalamika kuhusu goti.

"Ngoja nipumue kwanza. Majini yapo tu, hayakimbii. Haya, nisimulieni."

Wakamsimulia. Alisikiliza akijikanda goti. Walipofika kwenye tangi akanyanyua kidole.

"Mlipiga hodi?"

"Kwenye tangi, bibi?" Fundi akauliza.

"Kwani halina mlango? Nimesikia lina mfuniko, na mfuniko una pete. Mnyama gani anafunga mlango wake kwa pete?" Akamtazama fundi kwa huruma ya kumkera mtu. "Umefungua nyumba ya watu, ukamsukumia mtoto wa kike ndani. Mara moja? Siku nzima! Mwenye nyumba angefanyaje? Amemkaribisha. Kampa na pa kukaa."

"Basi amrudishe!" mshonaji akalia.

"Hajamfunga, mwanangu. Usimtukane mtu aliyekulelea. Mtoto yuko huko kama mgeni asiyejua njia ya kutokea. Kinachotakiwa ni kuomba radhi, na kumwita kwa njia ileile aliyoingilia. Atakuja. Atakuja kwa sababu ni mama yake anayemwita." Hapo akaliacha goti, akawa si yule mzee wa malalamiko tena. "Tatizo si kumwita. Tatizo ni kujua pa kukomea. Sauti ikishaanza kupanda haijui kwake ni wapi, inamfuata anayeita. Ikifika kwenye kinywa cha mtoto, unanyamaza. Hapo hapo. Hata akilia. Hata akikuomba. Ukiita tena, hata mara moja, itapitiliza, na ikipitiliza mimi sina dawa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Hujanielewa. Rudia nilivyosema."

"Ikifika kinywani nanyamaza."

"Nani atajua kama imefika?"

"Mimi," fundi akasema. Na kweli, kama kuna mtu ulimwenguni aliyejua sauti imesimama wapi, ilikuwa yeye. "Nitainua mkono."

Wakapanga. Spika ikateremshwa tena tangini pamoja na maiki zake. Chiriku akakalishwa kwenye kigoda kati ya spika mbili za studio, mikono magotini, macho makubwa. Mshonaji akakaa mbele ya maiki, wakitazamana, magoti karibu yagusane. Fundi akasimama nyuma ya bintiye, kichwa kimeinama, anasikiliza. Mama Kizingiti akatandika mkeka mlangoni, akachoma uvumba kidogo, akasema na mwenye tangi kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani. Akapiga hodi. Akaomba radhi kwa niaba ya nyumba. Akasema hawa si watu wabaya, ni watu wa tangazo la sabuni.

Katika spika, chini kule, pakawa na kimya cha namna nyingine, cha mtu aliyegeuza uso.

"Muite."

"Chiriku," mshonaji akasema kwenye maiki. Jina likashuka kwenye waya, likapita jikoni, likaingia tangini. "Chiriku, mwanangu. Njoo nyumbani."

Hakikuja kitu. Akaita tena. Akaita kama alivyokuwa akimwita kutoka mchezoni, kwa hasira ya uongo, chai inapoa wewe mtoto, na huko ndani kabisa, nyuma ya nyuma, mahali ambapo sauti ni vumbi tu la sauti, akasikia: "Mama?"

"Niko hapa! Fuata huku!"

"Mama, giza."

"Fuata sauti yangu. Nisimulie kitu, unakuja unanisimulia. Yule aliyerusha ndoo ilikuwaje?"

Na Chiriku, kwa kuwa alikuwa Chiriku, akaanza kusimulia. Mdomo wa mtoto aliyekaa kigodani ukachezacheza, na hadithi ya ndoo ikaanza kupanda, kwanza maneno ya duara yasiyo na ncha, kisha herufi moja moja zikarudi na makali yake, kisha ukumbi uliokuwa umeyazunguka ukaanza kujikunja, ukakauka pembeni, ukakauka juu, sauti ikatoka chini ya sakafu, ikaja uani, ikaingia mlango wa jikoni, ikapita ujia, na kila hatua mshonaji aliita na machozi yanamshuka mpaka kwenye maiki, njoo mama, njoo, hivyohivyo, na nyuma ya hadithi ile kulikuwa na hatua nyingine zisizo na haraka, kama za mwenyeji anayemsindikiza mgeni, ila mshonaji hakuzisikiliza hizo, yeye alikuwa anasikiliza ndoo, na ndoo ikafika ukutani, ikapita ukuta, ikafika nyuma ya spika, ikafika katikati, mahali patupu, ikaanza kusogea kuelekea uso wa mtoto wake kama mtu anayevaa nguo yake mwenyewe.

Fundi akainua mkono.

Mshonaji aliuona. Hilo watu walikuja kubishana sana baadaye, kwamba labda machozi yalimziba. Hayakumziba. Aliuona mkono wa mumewe juu ya kichwa cha bintiye, vidole vyote vimekunjuliwa, na kule mlangoni Mama Kizingiti amejiziba mdomo kwa kiganja kumwonyesha anyamaze.

Akanyamaza.

Midomo ya Chiriku ikafunguka, na sauti ikatoka humo, palepale, kavu, ya karibu, yenye harufu ya chai, ya mtoto wake: "Mama, mbona umenyamaza? Mama, nimefika au bado? Usiniache hapa!"

Wewe ungefanya nini? Mama yupi aliyezoea kusikia sauti ya mwanawe inakata kona, baada ya siku zote hizo za kumwinamia sakafuni, angeketi kama jiwe?

"Njoo," mshonaji akasema. Neno moja, na hata halikuwa kubwa.

Uvumba ukazimika. Kitu kikampita mshonaji usoni kama upepo wa mlango unaofungwa. Chiriku kigodani akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga, kama samaki, akajishika koo. Fundi aliinama hadi sikio lake likagusa midomo ya bintiye, akabaki hapo muda mrefu, na alipoinuka alikuwa amezeeka.

"Hamna kitu," akasema. "Hata mbali hamna."

Lakini mshonaji alikuwa anatabasamu. Katikati ya kichwa chake, wala si kushoto wala si kulia, wala mbele wala juu, hapo pasipo mbali na pasipo karibu, sauti ilisema kwa furaha:

"Nimefika, mama."

*

Tangi walilijaza kifusi, wakalifunika kwa saruji. Mama Kizingiti alikunja mkeka wake bila kuaga, na akipita mtaa ule siku hizi hupita upande wa pili.

Watu walipewa maelezo kwamba mtoto aliugua koo. Chiriku anafanya kazi zake, anapika, anafua, amenenepa kidogo. Anaposema, midomo inacheza bila sauti, na mama yake ndiye anayemtafsiria. "Anasema supu imezidi chumvi." "Anasema baba avue viatu." Gazeti huapa kwamba hajawahi kuona mama na mwana wanaoelewana vile. Fundi aliziuza spika zake zote. Jioni hukaa karibu na mkewe, anamuuliza kwa unyonge, "Leo amesema nini?" Na mkewe humsimulia yote, mpaka mume anacheka, mpaka anafuta macho.

Kuna moja tu ambalo mshonaji hamwambii. Chiriku akilala mchana, mdomo umefungwa, pumzi zimetulia, sauti hailali. Inaendelea kuongea katikati ya kichwa cha mama yake, na mshonaji anashona akiisikiliza, mstari umenyooka kama ulivyokuwa zamani.

Juzi alikuwa amepiga magoti, anampima mteja mmoja upindo wa sketi. Binti alikuwa amelala chumbani. Sauti ilikuwa inasimulia habari za paka, kwa raha zake, kisha ikasita. Chiriku hakuwa na desturi ya kusita. Iliporudi ilikuwa imeshushwa, ya kunong'ona.

"Mama, usishtuke. Nyuma yangu hapa pameanza kuwa pakubwa."

Mshonaji akabaki na pini mkononi.

"Kuna mtu amekaa huko, mama. Anasema niendelee kuongea. Anapenda ninavyoongea."

Nyumba yote ikanuka chokaa mbichi. Mshonaji alijua njia moja tu ya kumtoa huyo wa nyuma, kuikataa sauti isiongee tena, na alijua kwamba mlango ni mmoja, na wa mbele, mwanawe, angetoka naye. Akatazama kule ujiani, mumewe amekaa kwenye kiti chake anasubiri jioni, asikie leo mtoto kasema nini.

"Vipi, Mama Chiriku?" mteja akauliza kutoka juu. "Kuna tatizo?"

"Hapana, mpenzi," mshonaji akasema. "Simama wima nikupime."

Akaichomeka pini mahali pake. Kisha, kimoyomoyo, taratibu, kwa ajili ya wote wawili waliokuwa wanamsubiri humo ndani ya kichwa chake:

"Endelea, mwanangu. Paka akafanyaje?"